Gitaa Ambalo Halikugawiwa

Mtu akiletewa video ya harusi yake hapa Sumbawanga, hamtazami bibi harusi. Anatafuta ndugu zake. Anataka kumwona shangazi aliyetoka Mpui na kitenge kipya, mjomba aliyesinzia kwenye kiti, jirani aliyeapa kwamba hatakuja kisha akaja na kula kuliko wote. Asipomwona mmoja wao, simu yangu inaita kabla hata video haijaisha. "Dada, mbona mama mkubwa hayumo? Kwani yeye hakuwepo pale?" Nimeizoea kazi hii kwa namna hiyo. Wimbo ukikolea, naiondoa kamera kwa maharusi na kuipitisha mezani, meza kwa meza, uso kwa uso, na simruki mtu. Hata msibani nafanya hivyo. Kumruka mtu ni sawa na kumpita bila kumsalimia.

Kamera ndiyo iliyotulea. Wazazi wetu waliondoka tukiwa wadogo, baba akitangulia, mama akifuata, na mimi niliyekuwa mkubwa niliacha shule kidato cha kwanza nikaenda kumbebea taa mpiga video mmoja wa mjini. Alipozeeka aliniachia kamera yake na wateja wake. Wadogo zangu wamesoma. Mmoja yuko Mpanda, mwingine ameolewa huko Pito, na kitindamimba, ambaye baba alimwacha tumboni mwa mama, sasa ni muuguzi hapa mjini. Naishi naye nyumba moja.

Baba alikuwa mpiga gitaa la besi. Bendi yake ilipiga muziki wa roki, ule wa gitaa linalokwaruza na kunguruma, ambao kiongozi wao alijifunza Zambia enzi za suruali za bugaluu. Haukuwa muziki wa watu wengi. Hawakuwahi kurekodi wimbo hata mmoja baba akiwepo, na picha yake pekee tuliyonayo ni ile ya kitambulisho. Siku moja mdogo wangu wa mwisho aliniuliza baba alikuwa anapigaje. Nilimwambia kwamba alikuwa akifanya mazoezi amekaa kitandani, bila umeme, na mimi niliyelala nyuma yake nilikuwa nasikia kwa mgongo, sauti ikipita kwenye mbao za kitanda.

Mwaka jana, wakati wa baridi kali, mwenye klabu moja karibu na stendi alinipigia simu niende kurekodi onyesho la Jumapili mchana.

"Kuna mzee wa roki anakuja kuaga," akasema. "Anataka video nzuri, siyo ya simu. Ni yule anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba."

Nilimjua kabla hajamaliza. Alikuwa kiongozi wa bendi ya baba.

Nilifika mapema, wakiwa bado wanajaribu vyombo. Ukumbi ulikuwa umefungwa mapazia mazito mchana kweupe, na upepo ulikuwa ukiyavuta na kuyaachia kana kwamba nyuma yake kuna mtu anayetafuta pa kupitia. Wanamuziki walikuwa wawili tu, mzee mwenyewe na mpiga dramu mmoja wa Mbeya, mtu mzima mwenye kitambi. Upande wa kushoto wa jukwaa kulikuwa na kiti cha mbao kisicho na mtu. Kwenye kiti hicho liliegemezwa gitaa la besi la rangi ya damu ya mzee, waya wake umechomekwa kwenye spika, na taa nyekundu ya spika ilikuwa inawaka.

"Mpiga besi hajafika?" nilimuuliza mpiga dramu.

"Huyo ndiye pekee asiyechelewa kwenye bendi hii," akasema. Kisha akacheka. "Usinihoji sana, dada. Huku kwenu mtu akikosea neno si anapigwa radi?"

"Radi yetu haigusi watu wa Mbeya. Inaogopa kelele."

"Basi nimepona. Mimi ndiyo kelele yenyewe."

Mzee alishuka jukwaani akaja tulipokuwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama mimi ni wa hapa hapa.

"Ni wa hapa. Baba yangu ulikuwa unapiga naye."

Alivua miwani. Hakunitazama usoni. Alitazama vidole vyangu vilivyoshika kamera, kisha akakaa taratibu juu ya sanduku la vyombo.

"Lile pale ni lake," akasema, akielekeza kidevu kwenye kiti. "Alipozikwa lilikuwa ndani ya gari letu, tuko njiani. Niliporudi, nyumba yenu nikaikuta ina watu wengine. Tangu hapo sijaajiri mpiga besi. Naliegemeza pale na kuliwasha. Kuna wimbo mmoja nikiupandisha, linajibu."

"Linajibu vipi?"

"Utalisikia. Mafundi wananiambia ni mngurumo wa spika unaotikisa nyuzi. Inawezekana. Lakini spika haiwezi kujua zamu yake ya kuingia."

Akaniambia shida yake. Masikio yalikuwa yanakwisha, na Jumanne asubuhi angepanda basi la Tunduma, avuke kwenda kukaa kwa binti yake Zambia. Hilo lilikuwa onyesho la mwisho.

"Niende nalo au niwaachie? Semeni ninyi wenyewe. Nikivuka nalo, ndiyo basi, sina nguvu za kulirudisha tena."

Nilitoka nje kumpigia mdogo wangu aliyekuwa zamu hospitalini. Nilimweleza alivyosema mzee.

"Dada, asiondoke nalo," akasema. "Tafadhali. Ninyi mna kumbukumbu. Mimi nina kitambulisho."

Ningependa kumjibu ndiyo palepale, lakini mali ya baba si yangu kuiamulia peke yangu. Nilimpigia baba mdogo, ambaye analima Mpui na ndiye mkubwa aliyebaki upande wa baba. Nilimweleza kila kitu, pamoja na hilo la kujibu. Sikutaka alisikie baadaye kwa watu.

"Vitu vya kaka tuligawa vyote siku ya kumaliza matanga," akasema. "Jembe, koti, baiskeli, kila kitu kilipata mtu. Hicho hakikugawiwa. Kimezurura miaka yote bila mwenyewe, sasa kinasema chenyewe, na wewe unataka kukiingiza ndani mnamolala?"

"Baba, mafundi wanasema ni spika."

"Mafundi hawalali hapo kwenu. Sikiliza. Kesho asubuhi nakuja. Wewe rekodi hilo gitaa wakati linasema, nilione kwa macho yangu. Usirekodi mzee, usirekodi watu. Kamera ikae kwenye kiti. Nikiliona ndipo nitasema lije au liende."

"Na kama sitaweza kulirekodi?"

"Basi liende. Siwezi kuwaachia watoto wa kaka yangu kitu ambacho sikukiona."

Watu walianza kuingia baada ya ibada, wamevaa makoti na masweta, wengine wakiwa na watoto. Nilisimamisha kamera kwenye stendi yake, nikailenga kwenye kiti, nikahakikisha gitaa lote linaonekana.

Mzee alipanda akiwa amevaa koti la ngozi lililopasuka kwapani. "Msiogope kelele," akasema kwenye maiki. "Umeme wenu unatoka Zambia, na mimi nimetoka huko huko. Tunajuana."

"Mzee, piga taratibu, hayo mabati ni ya zamani!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mtapigilia kesho!"

Akapiga. Gitaa lake lilikuwa na sauti ya lori linalopanda mlima limejaa mahindi, likibadilisha gia, likikataa kurudi nyuma. Watu waliokuja kwa kushangaa wakaanza kutikisa vichwa. Wimbo ulifuata wimbo. Besi ilikaa kimya kwenye kiti, na mimi nilikaa nyuma ya kamera nikiitazama hadi macho yakaniwasha. Mapazia yalikuwa yanapumua.

Kisha mzee akaanza wimbo wa polepole. Ulianza kama mtu anayetembea peke yake kwenye barabara ya vumbi, bila haraka, na dramu zikamfuata kwa mbali. Ukumbi ukatulia. Wimbo ukapanda kidogo kidogo, ukakolea, na mikono yangu ikafanya ilichofanya miaka yote. Niliitoa kamera kwenye stendi, nikageuka, nikaipeleka mezani.

Sikufikiri. Ningefikiri, nisingefanya. Nilikuwa meza ya kwanza, nikiwapitia mmoja mmoja, niliposikia besi inaingia nyuma yangu. Iliingia chini kabisa, noti moja, kisha nyingine, mahali penyewe, na niliisikia mgongoni kabla haijafika masikioni. Nilijua ni nini. Lakini bibi mmoja mwenye sweta la waridi, meza ya pili, alikuwa ameshaona kamera inakuja. Alikuwa ameshatengeneza kilemba na kunyoosha shingo, na nyuma yake wengine walikuwa wanafuta midomo wakijiandaa. Nilimkuta akiningoja. Sikuweza kumruka. Baada yake sikuweza kumruka wa pembeni yake, na kwa namna hiyo nikafika meza ya mwisho.

Nilipogeuka, wimbo ulikuwa umekwisha. Gitaa lilikuwa pale pale kwenye kiti. Nyuzi zake nene zilikuwa bado zinatetemeka, kisha zikatulia. Mpiga dramu alikuwa anajifuta jasho na taulo, na hakuwa na utani wowote.

Jumatatu asubuhi baba mdogo alifika na basi la kwanza kutoka Mpui. Mdogo wangu alirudi kutoka zamu, bado amevaa sare. Niliwaambia ukweli kabla ya kuwasha runinga. Onyesho limo lote, lakini gitaa likisema halimo.

"Umerekodi gitaa bila gitaa?" baba mdogo akauliza.

"Nimerekodi watu."

"Nilikwambia usirekodi watu."

"Ulisema, baba. Mikono ilizoea."

"Baba, tazama tu kwanza," mdogo wangu akasema. Alikuwa amekaa sakafuni, karibu kabisa na runinga. "Umetoka mbali. Tazama, ndipo ukatae."

Jua lilikuwa linaingia dirishani, na jirani alikuwa anatwanga. Niliwasha. Picha ikageuka kutoka jukwaani, zikaanza nyuso. Mwanzo zilikuwa nyuso za kila video yangu. Watu waliitazama kamera, wakatabasamu, mmoja akainua chupa ya soda. Kisha besi ikaingia, na macho yote yakaiacha kamera.

Yalienda kushoto kwa jukwaa, mahali penye kiti. Hilo halikunishtua, kwa kuwa sauti ilitoka huko. Kilichofuata ndicho ambacho sikukiona nilipokuwa pale, kwa sababu nilikuwa natafuta uso unaofuata. Macho yakaanza kusogea. Yalisogea taratibu, yote pamoja, yakashuka kidogo kama yanamwangalia mtu anayeteremka ngazi ya jukwaa, kisha yakaja upande wa kulia, yakikata sakafu. Kamera ilihamia uso mwingine wa meza ya kwanza, na huko nako macho yalikuwa kwenye njia ile ile, yamesogea zaidi. Uso wa tatu, yamesogea zaidi. Mzee alikuwa akisikika kwenye maiki akiimba, na dramu zilikuwa zinalia, kwa hiyo wenye bendi walikuwa mahali pao. Kufikia meza ya pili macho yalikuwa yamerudi kwenye kamera. Yakakaa hapo hadi mwisho wa wimbo.

"Wanakutazama wewe," mdogo wangu akasema. "Si ndivyo ilivyo? Kamera ikija, watu wanaitazama."

"Mimi ni mfupi," nikasema. "Hao wanatazama juu."

Niliirudisha tukatazama tena. Walikuwa wanatazama juu ya bega langu la kulia, mahali ambapo kichwa cha mtu mrefu kingekuwa. Baba mdogo mwenyewe huinama akipita mlangoni kwetu, na siku zote husema katika nyumba yao yeye ndiye aliyekuwa mfupi.

"Rudisha kwa yule mama mwenye sweta," akasema.

Nikarudisha. Bibi alitengeneza kilemba, akanyoosha shingo, akatabasamu. Halafu macho yake yakaondoka kwangu, yakafuata yalipofuata ya wenzake, yakatua juu ya bega langu. Akaweka kikombe mezani. Akakunja viganja, akapiga makofi ya polepole, yale ya chini chini yasiyotoa sauti, huku akiinamisha kichwa. Ndivyo wazee wetu wanavyomsalimia mtu wa heshima aliyefika. Midomo yake ilikuwa inasema kitu.

Baba mdogo alisimama akaenda kuisogelea runinga hadi pua ikakaribia kioo.

"Anasema nini?"

"Kelele zimefunika."

"Anasalimia," akasema. "Tazama. Anasalimia, kisha ananyamaza, kisha anaitikia."

Ni kweli, kulikuwa na kimya hapo katikati, kimya cha mtu anayeulizwa habari za nyumbani. Jirani aliacha kutwanga, na sote tukageuka kutazama mlango.

Baba mdogo akarudi kwenye kiti. Alikaa na kofia mapajani, akiizungusha.

"Ningemwona mmoja tu ameogopa," akasema mwishowe, "hata mtoto, ningesema liende na huyo mzee wake. Nimewatazama wote. Hakuna aliyeogopa."

"Kwa hiyo?" mdogo wangu akauliza.

"Kwa hiyo halikuwa linazurura. Lilikuwa linarudi. Mwambieni alilete leo, tuligawe kama tulivyogawa mengine. Lisilale hata siku moja hapa bila mwenyewe."

Nilikwenda mwenyewe kwenye nyumba ya wageni kumwita mzee. Nilipita sokoni, kwa sababu yule bibi wa sweta la waridi nilikuwa namfahamu kwa sura. Huuza mboga upande wa nafaka. Nilimwamkia, nikamwambia ametoka vizuri kwenye video. Akafurahi.

"Ulinisalimia vizuri," nikasema, kama utani. "Mtu mdogo kama mimi nikapigiwa makofi."

"Wewe nani akupigie makofi?" akacheka. "Nilikuwa namsalimia huyo mwenzio."

"Mwenzangu yupi, bibi?"

"Si yule aliyekuwa nyuma yako amekushikia waya. Mtu mpole kweli. Ameniuliza hali kama tunajuana."

Kamera yangu inatumia betri. Nilimshukuru, nikanunua mchicha ambao sikuuhitaji, nikaenda zangu. Sijawaambia wenzangu wa nyumbani neno hilo, na mdogo wangu akilisoma hapa ndipo atakapolijua.

Mzee alikuja mchana akiwa amelibeba gitaa mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Tulitandika mkeka uani. Baba mdogo aliliinua juu kwa mikono miwili, kama nilivyomwona akiinua koti la baba nilipokuwa mtoto.

"Hiki ni kitu cha kaka yangu," akasema. "Kilikuwa njiani. Leo kimefika. Nani anakipokea?"

Anayepokea hutakiwa kusema mwenyewe, kwa sauti, na hakuna anayeruhusiwa kumsemea. Baba mdogo alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikatazama chini.

"Mimi," mdogo wangu akasema.

"Sikusikia."

"Mimi nakipokea!"

Akawekewa mapajani. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, magoti yake yakashuka. Mzee alichutama mbele yake, akaweka kiganja juu ya nyuzi, akakiacha hapo kidogo.

"Usiliegemeze mahali na kuliacha spika ikiwaka," akamwambia. "Mimi nililiachia lijisemee kwa sababu nilikuwa peke yangu. Wewe una dada. Lisemee mikononi mwako tu."

"Na wewe?" mdogo wangu akamuuliza. "Utapigaje?"

"Nitapiga nini? Masikio haya." Akasimama, akavaa miwani yake. Kesho yake alipanda basi la Tunduma na mkoba mmoja.

Mdogo wangu amekuwa akijifundisha tangu wakati huo, akitoka zamu. Amepata spika ndogo, na huizima kila anapomaliza, kisha hulilaza gitaa kitandani kwake, juu ya shuka, kama mtu. Bado anakosea, na makosa yake nimeanza kuyajua. Mimi huwa chumba cha pili nikihariri video za watu. Besi ikianza nasimamisha kazi na kuita kutoka nilipo, "Ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Nani mwingine?"

Hunicheka. Anasema siku moja atanyamaza makusudi, aone nitafanya nini. Nami huuliza kila mara, asubuhi au mchana, hata kama nimemwona akiingia chumbani kwake kwa macho yangu. Mpaka leo, kila nilipouliza, amejibu.